Voile ya Odile

Kolwezi, tarehe 15 Septemba

Kwako yaya wangu mpenzi Josée, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na kwa mikono miwili kama mama alivyotufunza. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Gael, na Jémima ambaye nasikia amekupita kimo na sasa anavaa viatu vyako bila kuomba. Je, mguu wako bado unavimba jua likiwa kali? Na maji huko Katuba yanatoka, au bado mnanunua kwa bidoni? Sisi huku tuko wazima wa mwili. Vumbi la malori ya madini linatufunika hadi kwenye kope, mvua bado inajifikiria, na cherehani yangu ingali inaimba. Ukiniuliza habari za moyo, nitakujibu kwamba moyo si mzima, na ndiyo sababu ya karatasi hizi.

Najua utashangaa. Utasema Huguette ameshikwa na nini, siku hizi nani bado anaandika barua? Lakini yaya, kwenye simu nakujua na najijua. Ungelia kabla sijamaliza, na mimi ningeshukuru kwamba unalia, nikakata. Karatasi hailii. Tena nataka jambo hili lisomwe mbele ya watu, na mbele kidogo utaelewa ni watu gani.

Tangu mwezi wa saba hujampigia tata, baba yetu, simu. Sikulaumu, maana uliacha kwa sababu ya maneno yaliyotoka kinywani mwangu. Nilikwambia kwamba tata, hata kilio cha mama hakijatoshwa, msiba haujamalizwa kwa desturi, amekwisha kuchukua mwanamke. Nilikwambia mwanamke mwenyewe ni mama Odile, yule mjane wa kwaya yetu anayeuza samaki wa kukaushwa sokoni. Na nilikwambia kwamba wajomba walipombana, tata alijitetea kama mtoto aliyekula sukari, akasema eti Odile ni mashua. Wewe ulicheka kwa uchungu, nami nikacheka pamoja nawe.

Yaya, Odile ni mashua.

Ngoja nianzie mwanzo, maana nikianzia katikati nitajitetea.

Unakumbuka baada ya mazishi tata hakujua afanye nini na mikono yake. Maisha yake yote kwenye kampani alikuwa seremala, na kazi ya mwisho aliyoipiga randa ilikuwa jeneza la mama. Akafunga vyombo vyake kwenye sanduku, akakaa barazani akihesabu malori. Ukimpa chakula anakula, usipompa haulizi. Basi tata Gaston, rafiki yake wa tangu ujana, ambaye hadi leo analinda jengo la ile kilabu ya zamani kando ya ziwa Nzilo, akamchukua siku moja wakatazame samaki. Nyuma ya jengo, chini ya mabati yaliyoanguka, palikuwa na mashua ndogo ya tanga imelala kifudifudi. Wenyewe waliondoka zamani, jina tu likabaki limeandikwa nyuma kwa rangi iliyobabuka: Odile. Gaston anasema tata aliigonga ubavuni kwa vidole, akatega sikio, akagonga tena, kisha akauliza kama msumeno upo.

Kutoka siku ile kila Jumamosi alikuwa Nzilo. Sisi alituambia tu kwamba amepata kazi ya mbao kule, na haukuwa uongo. Lakini mashua alituficha, na sababu unaijua: mfiwa ambaye ndugu za marehemu bado hawajamfungua hatakiwi kuonekana anastarehe. Aliogopa tuseme udongo wa mama haujakauka na mzee amekwenda kucheza majini. Kumbe mashua ndiyo iliyokuwa inamrudisha mezani kula.

Alitoa mbavu zilizoliwa na mchwa akaweka mpya. Alitoa misumari ya chuma iliyooza kwa kutu akaweka ya shaba, aliyoikata na kuigonga mwenyewe kutoka kwenye vipande vya waya. Cheka kidogo hapa, yaya, maana mbele hakuna cha kucheka: katika mji huu ambao shaba inatoka mchana na usiku kwa malori, baba yetu alisimamishwa barabarani na kuulizwa maswali kwa ajili ya konzi moja ya misumari. Aliziba nyufa kwa pamba na lami. Alichonga mlingoti kwa mti wa mikaratusi, akaupaka vernis mpaka ukang'aa kama meza ya askofu. Kilichokosekana ni tanga. La zamani panya walikuwa wamelifanya dantela, matundu matupu. Na mzee ana binti mshonaji mjini, amwombe nani mwingine?

Sasa sikiliza jinsi nilivyosikia. Duka langu unalijua, liko pale Kasulo inapoanzia. Hapo shimo la creuseur, mchimbaji wa mkono, likitoa madini mazuri, kijana anaoa kabla mwezi haujaisha, na bibi arusi anataka voile, shela ya kufagia kanisa kutoka mlangoni hadi madhabahuni. Nimeshona hizo hadi naziota. Kwangu mimi neno hilo lina mahali pamoja tu pa kukaa, juu ya kichwa cha mwanamke. Tata Gaston, ambaye alisoma, amenieleza baadaye kwamba katika Kifaransa voile ya arusi ni dume na voile ya mashua, yaani tanga, ni jike, wala hazichanganyiki. Lakini sisi tulipoingiza neno hilo katika Swahili yetu, udume na ujike tuliviacha huko huko.

Basi tata alinipigia akiwa ziwani, upepo unavuma kwenye simu, sauti inakuja na kupotea. Akasema: "Huguette, mwana wangu, Odile iko na lazima ya voile. Mweupe. Murefu, metre ine na nusu. Ushone nguvu, upepo isipasule." Nikamwuliza Odile gani. Akacheka. Yaya, alicheka kicheko kile cha zamani, kisha akashusha sauti: "Usiambie bantu kwanza. Nilisha kumutengeneza muzuri, utamuona."

Na wewe unajua kwetu tunasema "iko" kwa mtu kama kwa kiti. Ungefikiri nini?

Mimi nilifikiri lile nililolifikiri. Nilimwona mama Odile, aliyetuletea samaki kwenye kilio, aliyesugua masufuria pamoja nasi mpaka kucha zikaisha. Wema wake wote nikaugeuza kuwa mtego. Na nikuambie ukweli wa moyo wangu: sikukasirika kwa ajili ya mama peke yake. Nilikasirika kwa sababu tata alikuwa amecheka. Tangu kilio nilikuwa nampikia, namfulia, nampeleka kanisani, na hakuna siku hata moja nilimchekesha. Nikaona wivu juu ya baba yangu mwenyewe, nikauita heshima ya mama.

Sikumpigia tata kumwuliza zaidi. Nilimpigia mjomba Kalenga. Yeye ni kaka mkubwa wa mama, kilio kiko mikononi mwake, na anapenda kesi kuliko chakula. Nikamwambia, na nikaongeza chumvi, kwamba parokia nzima inajua. Parokia haikujua kitu. Ni mimi niliyeanza kuijulisha siku ile ile, nikimpima nguo mke wa shemasi.

Mjomba akatuma neno kwamba Jumamosi wangepanda basi kuja. Wewe ulikuwa na Jémima hospitalini, hukuweza kufuatana nao, kwa hiyo nikueleze jinsi ilivyokuwa, maana nilikusimulia nusu. Tata aliambiwa tu kwamba mashemeji wanakuja. Akaamini wanakuja kupanga siku ya kutosha kilio. Aliazima viti kwa jirani, akanunua sucré, soda za wageni, akavaa shati lake la buluu. Alimpokea mjomba kwa kupiga makofi na kuinama. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa jiko na sahani mkononi, namtazama anavyofurahi.

Walipomaliza kunywa, mjomba akafuta mdomo na kumwuliza Odile ni nani. Tata alishtuka, kisha akatabasamu kwa haya, kama mtu mzima aliyekutwa anacheza mpira na watoto. Akasema: "Odile ni bwato, shemeki."

Kisha mke wa mjomba akapiga makofi, na nyumba nzima ikacheka. Tata alieleza kwamba voile ni kitambaa cha kuvutia upepo, lakini unawajua ndugu za mama: bwato wanalolijua ni lile la Lualaba ya juu, linalosukumwa kwa mti, na hakuna aliyewahi kuona bwato likivaa nguo nyeupe. Akaomba wapande gari waende Nzilo wakaone. Mjomba akajibu kwamba hakula vumbi la barabara kutoka Lubumbashi ili atembezwe kutazama maji, na kwamba lisemwalo lipo. Akataka ushahidi palepale nyumbani.

Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa ni mimi niliyeombwa voile. Akaniuliza mbele ya wote kama kuna bwato ninalolijua. Nilijibu: "Mi siyaona bwato." Na kweli nilikuwa bado sijakanyaga ufuko wake. Nililitafuta jibu hilo kama mtu anavyotafuta sindano kwenye zulia, na nikalipata.

Yaliyofuata unayajua. Walitoa picha ya mama ukutani, wakachukua na vikwembe vyake vya kujifunga vilivyobaki. Mjomba akatamka kwamba siku ya kutosha kilio tata hataketi na familia, na hakuna mkono wa ukoo utakaompaka pemba, ule udongo mweupe wa kumfungua. Unajua maana yake. Atabaki amefungwa kwa marehemu mpaka afe, mtu ambaye wakwe wamemkataa, na hata akifa watu watauliza ni nani atakayelia. Kwenye kwaya wakamwomba apumzike kidogo, na mpaka leo anapumzika. Naye mama Odile, ambaye hakujua lolote, alikuja dukani kwangu kuchukua nguo yake ya kwaya. Nilikuwa sijaipinda chini. Akasema ataipinda mwenyewe, akaikunja, akaondoka. Siku hizi anasali parokia nyingine.

Baada ya hapo tata alirudi ziwani kama kawaida. Siku moja nami nikaenda. Sikualikwa. Nilibeba kitambaa cheupe cha tergal kile tunachoshonea kwaya, nikaufuata mgongo wake mpaka majini, nikaiona Odile. Yaya, ni ndogo. Watu wawili wakinyoosha mikono wanaifikia mbele na nyuma. Imepakwa rangi ya kijani, na ndani inanuka mbao mpya na lami. Nilisikia haya hata kuitazama, kama vile ingenijibu.

Nilimwambia tata nimekuja kushona voile. Akasema vizuri. Akanitandikia ile ya zamani chini niifanye mfano. Mara ya kwanza nilishona tanga lililonyooka kama shuka, naye akalipandisha, upepo ukalipiga likatetemeka tu bila kushika kitu. Akanieleza kwamba voile lazima iwe na tumbo. Nikafumua, nikakata pince, mikunjo ya kutunisha nguo, kama ninavyokatia blauzi ya mama anayenyonyesha, nikaacha nafasi ya kifua. Pembeni niliweka mikanda ya nailoni ya malori kutoka mgodi wa Mashamba, nikashona zigizaga mara mbili, sindano zikavunjika. Tulipoipandisha tena ilijaa yote kwa mara moja. Tata akashika usukani, Gaston akashika kamba, na Odile ikaondoka ufukoni bila sauti. Nilisimama pale nikimwona baba yangu akienda mbali na mimi, ameketi wima, akicheka na Gaston. Nililia, lakini si kwa furaha.

Sasa nimefika mahali ambapo ningetaka karatasi iishe.

Mpaka hapa utakuwa unasema kosa langu ni la sikio. Sikio la mtu yeyote wa Kasulo lingesikia hivyo, na hata mjomba angenisamehe huku akicheka. Yaya, Alhamisi ile kabla ya wajomba kupanda basi, tata alinitumia picha kwa WhatsApp. Mashua iko hapo, jina lake limepakwa upya, na mbele yake voile ya zamani imetandazwa chini, imekandamizwa pembeni kwa viatu vyake. Chini ya picha aliandika: "Njo huyu Odile. Na voile yake ya zamani njo hii, panya balikula. Upime."

Niliitazama sana. Nilielewa yote, hata kicheko. Nikamjibu: "Nilisha kuona, tata."

Wajomba walikuwa bado kwao. Simu moja ingetosha. Lakini nilifikiria jinsi watakavyonicheka, jinsi mke wa mjomba atakavyotunga wimbo wa Huguette na arusi ya mashua na kuuimba kwenye kila sherehe mpaka nizeeke. Nilifikiria mama Odile na mke wa shemasi, na yote niliyokwisha kuyasema. Nikajidanganya kwamba Jumamosi nitapata njia ya kulituliza. Jumamosi ilipofika, nikasema sijaona bwato.

Na tata simu yake ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Mjomba alipotaka ushahidi palepale, tata alitia mkono mfukoni, akaitoa nusu. Nilikiona kioo chake kinawaka. Kuwaonyesha picha ilikuwa ni kuwaonyesha na jibu langu lililo chini yake. Alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, yaya, heri ingekuwa hasira. Kisha akairudisha simu, akafunga kifungo cha mfuko, akaketi. Wote wakaamini mzee ameishiwa maneno.

Miezi hii yote hakunitajia picha ile. Jumapili iliyopita nilishindwa, nikamwuliza pale ziwani kwa nini hakuwaonyesha. Alikuwa anapaka poulie, ile roda ya kamba, mafuta, hakuinua kichwa. Akasema: "Haya ya muzee haiko na safari murefu, mwana wangu. Yako we ingelitembea sana." Kisha akaniomba nimsogezee kitambaa afute mikono.

Basi yaya, mzigo ule wa aibu aliubeba yeye, nami nimeuacha mgongoni mwake mpaka umemwinamisha. Siku ya kutosha kilio ni mwisho wa mwezi wa kumi. Nakuomba umkusanye mjomba Kalenga na wote waliokuja siku ile, na mke wake awepo, kisha uwasomee barua hii kutoka mstari wa kwanza. Usisome kwa sauti ya kunihurumia. Ukifika pale penye jibu langu kwa tata, mjomba atainua mkono usimame kidogo apumue. Usisimame. Halafu uwaonyeshe picha ninayokutumia leo kwenye simu yako, pamoja na jibu lililo chini yake na siku niliyoliandika. Faini ya mtu anayesingizia, kwa desturi yetu, mjomba anaijua, na aiweke juu yangu. Picha ya mama airudishe yeye mwenyewe kwa mkono wake, na pemba ampake yeye mwenyewe. Kwa mama Odile nitakwenda Jumapili katika parokia yake mpya, nisimame mbele ya watu wasionijua, maana wanaonijua nimekwisha kuwapa uongo mwingi. Na wewe, mpigie tata leo hii, kabla ya kwenda kwa mjomba. Hatakuuliza ulikuwa wapi.

Nisalimie shemeji Gael, mwambie shati lake liko tayari. Mbusu Jémima kwa niaba yangu, na kama siku hiyo ya kusoma atataka kuketi na kusikiliza, mwache asikilize. Mungu akulinde, na mguu wako upone.

Ni mimi mdogo wako,

Huguette, binti wa tata Kabemba